Dereva anayelipwa akikuleta kazini: nimekaa pande zote mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyepata CDL, leseni ya kuendesha malori makubwa, mwezi uliopita aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Kuna dereva nimekutana naye, anasema kampuni yao inalipa vizuri, na nikijaza fomu niandike jina lake. Nimesikia akiniingiza analipwa. Nimwamini?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu wanaoendesha malori makubwa hapa Marekani, au wanaotaka kuanza. Jibu langu ni kwamba mwamini kwa yale aliyoyaishi mwenyewe na anayoweza kukuonyesha. Usimwamini kwa yatakayokupata wewe, kwa sababu hayo hayajui. Na kabla hujamuuliza lolote kuhusu maili au siku za nyumbani, muulize bonasi yake italipwa lini. Wengi huuliza ni kiasi gani. Mimi nakuambia uliza tarehe.

Nina sababu ya kusisitiza tarehe. Mimi nililetwa kazini na dereva wa bonasi. Miaka miwili baadaye nikaanza kuleta wengine, na yupo mmoja ambaye nikimkumbuka mpaka leo moyo hautulii. Nitamfikia.

Tuanze na kwa nini bonasi hii ipo. Kwa miaka mingi takwimu za ATA, chama cha kampuni za malori cha Marekani, zimeonyesha kwamba katika kampuni kubwa za safari ndefu, madereva wanaoondoka kwa mwaka hukaribia au kuzidi asilimia 90 ya viti vyote, yaani nafasi zote za madereva. Haina maana kwamba karibu kila mtu anaondoka. Wapo wazee waliokaa miaka 15 kwenye kampuni moja, na upo usukani mmoja uliobadilisha watu watatu ndani ya mwaka. Lakini hesabu yake ni kwamba kampuni yenye viti 1,000 inaweza kulazimika kuajiri watu 900 kila mwaka ili tu ibaki na hao hao 1,000. Matangazo ni ghali, waandikishaji wa ofisini wanakula mshahara, na dereva mgeni haamini tangazo. Anamwamini dereva mwenzake. Kwa hiyo kampuni inaona nafuu kumwambia dereva wake: tuletee mtu, tukupe dola 1,000, au 2,000, wengine hata 5,000. Na zipo zinazolipa senti moja kwa kila maili utakayoendesha wewe uliyeletwa.

Fedha hizo hazitoki zote kwa mpigo. Kipande cha kwanza hutoka ukimaliza orientesheni, zile siku za mafunzo ya kuanza kazi, au ukifikisha mzigo wako wa kwanza, kingine siku ya 30, kingine siku ya 90, pengine kingine miezi sita. Na kampuni nyingi zina sharti kwamba jina la aliyekuleta liwe kwenye fomu ya maombi tangu mwanzo. Ukishaingia kwenye mfumo bila jina lake, amekosa. Ndiyo maana dereva uliyezungumza naye robo saa tu anakukumbusha jina lake na namba yake ya ajira mara tatu kabla hamjaagana. Usimchukie kwa hilo. Ni utaratibu aliowekewa.

Na kulipwa hakumfanyi kuwa mwongo. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona vijana wanaokataa kumsikiliza dereva yeyote mwenye bonasi, halafu wanampigia mwandikishaji wa ofisini na kumeza kila neno lake. Huyo wa ofisini naye analipwa kwa vichwa, na tofauti yao ni kwamba yeye hajawahi kulala ndani ya lori hilo. Dereva anajua injini ya kusaidia inayopasha joto kitandani kama inafanya kazi au imeharibika tangu Novemba. Anajua dispacha gani, yaani mpanga safari wa ofisini, anapokea simu saa nane za usiku. Ushahidi wake ni wa thamani, bora tu ujue unaishia wapi.

Mimi niliingizwa na mtu niliyekutana naye kwenye chumba cha kufulia cha kituo cha malori West Memphis, Arkansas, pale barabara kuu ya I-40 inapokutana na I-55. Nilikuwa nasubiri mashine imalize, nikasikia mtu nyuma yangu anaongea Kiswahili kwenye simu. Kama umekaa wiki tatu barabarani bila kusikia lugha yako unaelewa kilichotokea moyoni mwangu. Kabla hatujajuana majina nilikuwa nimeshamwamini. Hilo lenyewe ni jambo la kujihadhari nalo. Lugha moja inafungua mlango wa mazungumzo, ila haithibitishi chochote kuhusu mshahara.

Akanionyesha simu yake. Karatasi ya malipo ya wiki hiyo, jumla dola 2,347 kabla ya kodi. Mimi nilikuwa napata 1,000 na kidogo. Usiku ule ule nikajaza fomu nikiwa kitandani ndani ya lori, nikaandika jina lake.

Nilipoanza kazi pale, wiki zangu zikawa za dola 1,000, 1,050, moja ikafika 1,300. Nikasubiri ile ya 2,300. Haikuja. Nikaanza kumwona yule ndugu kama tapeli, na nilimwambia mtu mmoja au wawili hivyo, jambo ninalolijutia. Septemba tukakutana tena, safari hii nikamwomba kwa heshima anionyeshe karatasi yake nzima, si ile sehemu ya juu tu. Hakusita. Tukakaa kwenye ngazi za lori lake tukaisoma mstari kwa mstari.

Wiki ile ya West Memphis alikuwa amepiga maili 3,012 kwa senti 58, ambayo ni kama dola 1,747. Zile 600 zilizobaki zilikuwa bonasi ya usalama na mafuta inayotoka mara moja kila robo mwaka, na ilikuwa imeangukia wiki hiyo. Hakudanganya hata senti. Alinionyesha wiki ambayo mwenyewe alikuwa anaifurahia, kama mtu yeyote angefanya. Senti 58 alikuwa amezifikia baada ya miaka minne. Mimi mgeni nilianzia 48. Halafu kulia kabisa mwa karatasi kulikuwa na safu ambayo sikuwahi kuitazama hata kwenye karatasi zangu mwenyewe: jumla tangu Januari. Yake ilikuwa 42,180. Tulikuwa wiki ya 37. Nikagawanya kwenye simu: 1,140 kwa wiki.

Safu hiyo ndiyo ninayotaka uombe kuonyeshwa. Wiki moja inaweza kuchaguliwa. Jumla ya mwaka haichaguliki. Ndani yake mna wiki aliyokaa gereji siku nne, mna theluji ya Februari, mna siku alizoenda nyumbani. Mwambie afunike jina, namba ya ajira na kila kitu cha siri, akuachie tarehe, jumla ya wiki na jumla tangu Januari. Ugawe mwenyewe kwa idadi ya wiki. Anayesema "nitakutumia baadaye" halafu hatumi, nawe usiharakishe kuandika jina lake.

Maili nazo zipigie hesabu. Sheria ya serikali kuu kwa anayebeba mizigo inakuruhusu kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na ukishafikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8 huruhusiwi kuendesha mpaka saa zirudi au upumzike saa 34 mfululizo. Tangu Desemba 2017 karibu malori yote ya safari ndefu yanatakiwa kuwa na logi ya kielektroniki, kifaa kinachorekodi saa zako chenyewe, kwa hiyo zile hadithi za vitabu viwili vya logi zimebaki kwa wazee. Sasa dereva akikwambia anapiga maili 4,000 kila wiki akiwa peke yake, gawanya kwa 70. Unapata maili 57 kwa saa, na hapo hujatoa hata dakika moja ya kukagua lori, kujaza mafuta, kupakia wala foleni ya Atlanta. Akisema kati ya 2,200 na 2,800, huyo anaishi dunia ninayoijua. Muulize pia analipwa kwa maili zipi, za kwenye dashibodi au za ramani ya kampuni kutoka mji hadi mji. Za ramani huwa pungufu kuliko tairi zilivyozunguka, na maili hizo zilizopotea ni kazi uliyofanya bure.

Kitu ambacho hata dereva mkweli kabisa hawezi kukuambia ni utapewa kazi gani wewe. Kampuni moja kubwa ina nyumba nyingi ndani yake. Kuna anayehudumia mteja mmoja, njia zile zile, Ijumaa yuko nyumbani. Kuna wa safari ndefu za majimbo yote, anayerudi nyumbani baada ya wiki tatu au nne. Kuna wa trela la friji anayesubiri ghala la vyakula usiku kucha. Wote wana nembo moja mlangoni, na kila mmoja akikusimulia "kampuni yetu" anakusimulia chumba chake.

Hapa ndipo nilipomkosea yule kijana.

Nilikuwa tayari nimehama kwenye ile kampuni ya kwanza, niko nyingine, nimepata njia nzuri ya mteja mmoja. Nyumbani kila Jumamosi asubuhi. Nilipenda kazi ile na nilikuwa naisema popote. Kijana mmoja wa jumuiya yetu, mwenye mke na mtoto mdogo, alikuwa anatafuta pa kuanzia. Nikamwambia ukweli mtupu: dispacha ananiheshimu, lori ni jipya, wikiendi niko na wanangu. Bonasi yangu ilikuwa dola 2,000: 500 kwenye mzigo wa kwanza, 500 siku ya 30, 1,000 siku ya 90. Alijua naipata, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika jina langu kwenye fomu. Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Walimpangia safari ndefu. Dispacha mwingine, lori la miaka mitano, wiki tatu nje. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli kwangu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli kwake.

Siku ya 71 akanipigia. Najua ni ya 71 kwa sababu nilikuwa nahesabu, na ukweli kwamba nilikuwa nahesabu ungetosha kunishtua. Alikuwa Joliet, Illinois, kwa muda wa saa tisa amekaa mlangoni mwa ghala anasubiri mzigo ushushwe, na pesa ya kusubiri alikuwa ameshaambiwa hailipwi kwa mteja yule. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka amekuwa mpole. Akasema kuna kampuni ndogo karibu na kwake, kazi ya mjini, nyumbani kila usiku, wamempa nafasi ya orientesheni Jumatatu inayofuata. Akaniuliza, "Kaka, unanishauri nini?"

Nikamwambia, "Vumilia mdogo wangu. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu. Ukiruka ruka sasa utaharibu historia yako."

Kila neno hapo ni ushauri ambao dereva yeyote mzoefu angeutoa. Ni kweli kwamba kampuni mpya inatakiwa kisheria kuwauliza waajiri wako wa miaka mitatu iliyopita, na ni kweli kwamba kuacha kazi mapema kunaonekana vibaya. Lakini nikijichunguza, siwezi kukuapia kwamba ulitoka kwenye upande wangu ulio safi. Zilibaki siku 19 nilipwe 1,000. Sijui ningemwambia nini kama zingekuwa zimeshalipwa. Akavumilia. Nafasi ya Jumatatu ikapewa mtu mwingine. Ijumaa moja mwezi uliofuata nikafungua simu nikiwa nimeegesha lori, nikaona bonasi imeingia, na sikupata raha niliyoitarajia. Yeye aliondoka mwezi wake wa tano kazini, kwenda kazi isiyo nzuri kama ile aliyoikosa.

Nilimpigia baadaye nikamweleza yote, pamoja na hesabu ya siku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Bonasi nilijua kaka, si mimi niliyeandika jina lako. Tarehe ndiyo sikujua."

Tangu siku hiyo nimeelewa kuwa hatari kubwa ya bonasi haiko siku unapoitwa. Siku hiyo macho yako yako wazi, unauliza, unalinganisha. Hatari iko baada ya kuingia, siku umechoka na unampigia mtu pekee unayemfahamu ndani ya kampuni kumuuliza ubaki au uondoke, kumbe mtu huyo ana fedha zinazongoja wewe ubaki. Anaweza kuwa mcha Mungu. Anaweza kukupenda kama ndugu wa damu. Bado ushauri wake siku hiyo una uzito mwingine ndani yake ambao hata yeye hauoni. Kwa hiyo ukishajua tarehe zake, ziandike. Mpaka ya mwisho ipite, swali la kuondoka lipeleke kwa mtu mwingine.

Kisha linganisha tarehe zake na zako. Kama kampuni imekulipia shule ya CDL, mara nyingi umesaini kukaa mwaka mzima, na ukitoka kabla unadaiwa gharama za shule. Yeye anamaliza siku ya 90, wewe umefungwa miezi 12. Mwezi wa tano mambo yakikuharibikia, yeye ameshapokea chake na wewe una deni. Mkataba huo usome wewe mwenyewe kabla ya kupanda basi kwenda orientesheni, maana watu wengi huletewa karatasi siku ya kwanza wakiwa wameshafika mji wa mbali, hawana nauli ya kurudi, na wanasaini.

Sasa kuhusu mpango wa kukodi lori huku unalinunua. Hapa sina maneno laini. Dereva akikuvuta uingie kwenye kampuni kwa njia hiyo, hasa kama wewe ni mgeni, kataa, hata kama ni mtoto wa mama yako mdogo. Unaambiwa utakuwa bosi wako mwenyewe. Kinachotokea ni kwamba kila wiki malipo ya lori yanakatwa umetembea au hukutembea, mafuta yanakatwa, bima inakatwa, akiba ya matengenezo inakatwa, na anayekupa mizigo ni huyo huyo anayekudai. Mizigo ikipungua huwezi kuichukua kwingine. Ukishindwa, lori linabaki kwao na anapewa anayefuata. Wiki mbaya unaweza kuendesha maili 2,000 na karatasi ikasema unadaiwa. Nimeiona karatasi hiyo kwa macho yangu, mkononi mwa mtu mzima aliyekuwa analia kwenye maegesho.

Si mimi peke yangu ninayeona hivyo. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliagiza serikali iunde kikosi cha kuchunguza mikataba ya malori, na Januari 2025 kikosi hicho kilipendekeza kwa Bunge mipango hii ipigwe marufuku. Kama tayari umo ndani, ujue kuna kanuni za shirikisho kuhusu mikataba hii: makato yote lazima yaandikwe kwenye mkataba, na ukiondoka, salio la akiba uliyowekeza kwao linatakiwa kurudishwa ndani ya siku 45. Dai kwa maandishi. Na anayekualika kwenye mpango huo muulize jambo moja tu: wangapi aliowaleta wamemaliza kulipa na sasa hati ya lori ina majina yao? Msubiri ajibu.

Jihadhari vilevile na dereva anayekuletea kampuni inayokupa lori lao, inakupangia kila safari, halafu inakulipa kwa fomu ya 1099 kana kwamba wewe ni mfanyabiashara huru. Malipo yanasikika makubwa kwa sababu kodi hawakati. Aprili unaikuta kodi yote inakungoja, pamoja na ile sehemu ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, ambayo mwajiri angepaswa kulipa. Wengi wanaowaleta wenzao kwenye kampuni hizi wenyewe hawajafika Aprili yao ya kwanza.

Kuna vitu usivyohitaji kumuuliza mtu yeyote. Namba ya USDOT, ambayo Idara ya Usafirishaji ya Marekani huitambulisha nayo kampuni, imeandikwa mlangoni mwa lori lake. Ipige picha, ingia kwenye tovuti ya SAFER ya serikali, ni bure, uangalie kampuni ina malori mangapi, imepata ajali ngapi katika miezi 24, na ni asilimia ngapi ya magari yake yaliyokaguliwa yalizuiwa kuendelea na safari. Wastani wa taifa umeandikwa pale pale pembeni; kwa magari ni zaidi kidogo ya asilimia 20. Kampuni ikiwa na 40, maneno ya "malori yetu mapya" yamejijibu yenyewe.

Kati ya maswali yote niliyowahi kumuuliza dereva anayeniita, lililonisaidia zaidi ni hili: nani umewahi kumwambia asije? Dereva anayejali watu lazima awe nalo jibu. Atakwambia nilimkataza binamu yangu kwa sababu ana mtoto mchanga, au nilimwambia fulani asubiri mpaka wafungue njia za karibu. Anayesema kampuni yake inamfaa kila mtu hajakutazama wewe, ametazama fomu. Angalia pia kama alikutajia bonasi mwenyewe au ulimgundua. Na muulize jina la mtu aliyeondoka pale, si aliyebaki. Waliobaki wana sababu zao za kubaki, na mara nyingine nao wamo kwenye mnyororo huo huo wa bonasi.

Wapo wanaokwambia njoo, bonasi tutagawana nusu kwa nusu. Mimi sipendi. Najua inaonekana ni haki, na wengine wanaifanya kwa moyo mweupe. Lakini ukishaahidiwa 500 yako siku ya 90, wewe nawe unaanza kuhesabu siku badala ya kusikiliza mwili wako na nyumba yako. Ungeweza kuondoka siku ya 60 kwenda pazuri zaidi, ukabaki kwa ajili ya 500.

Bado naleta madereva. Sikuacha, kwa sababu kampuni niliyopo ni nzuri kwa mtu wa aina fulani na sioni sababu ya kumnyima habari. Ila sentensi yangu ya kwanza ni kiasi na tarehe. Na nikishamleta mtu, namwambia mapema kwamba mpaka siku ya mwisho ya malipo ipite, akitaka kuondoka asiniulize mimi. Nampa namba ya rafiki yangu aliye kampuni nyingine asiyepata kitu akibaki wala akitoka. Kuhusu usalama ndipo pekee ambapo mwiko huo haupo. Ukiambiwa uendeshe lori lenye breki mbovu, au uendelee saa zako zikiwa zimekwisha, nipigie saa yoyote nami nitakwambia uzime injini. Sheria inakulinda ukikataa, na ukiadhibiwa kwa kukataa una siku 180 za kupeleka malalamiko OSHA, shirika la serikali la usalama kazini.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilimjibu hivyo hivyo kwa kifupi, akaenda kumuuliza mwenzake tarehe. Akarudi kwangu jioni. Alikuwa ametajiwa siku ya 30 na siku ya 120, na ametumiwa karatasi yenye jumla tangu Januari, jina limefunikwa kwa kidole gumba. Tuligawanya pamoja ikaja 1,265. Akaniuliza kuhusu kampuni yangu pia, nikamtajia bonasi yangu na tarehe zake, nikamtumia safu yangu ya mwaka huu, na namba mbili za watu waliotoka kwetu. Mmoja wao aliondoka kwa hasira na hatuelewani mpaka leo. Nilimwambia aanze na huyo.